Tangazo Lililoiruka Wodi ya Watoto

Ujumbe wa tatu wa majaribio ulifika kama ulivyofika wa kwanza na wa pili. Kompyuta ya wodi ya watoto ililia kidogo, kidirisha cha kijivu kikachomoza katikati ya kioo, na ndani yake yakasomeka maneno ambayo Pradip aliyaandika akiwa maabara, upande wa pili wa uwanja: JARIBIO LA TATU. MKISOMA HAYA NYOOSHENI MKONO DIRISHANI.

Inspekta Kagaruki alinyoosha mkono dirishani. Hakufurahi hata kidogo. Kila jaribio lililofaulu lilizidi kumdidimiza Benigna, muuguzi aliyekuwa mahabusu, na yeye Kagaruki alikuwa ametoka Bukoba mpaka huku Muleba, kwa barabara iliyoliwa na mvua, kutafuta jaribio litakaloshindwa.

Pradip alirudi akiruka madimbwi, suruali ameikunja. Familia yake ilikuwa miongoni mwa familia chache za Kihindi zilizobaki kwenye mtaa wa maduka Bukoba. Baba yake aliuza redio, yeye alitengeneza kompyuta, na hizi za hospitali ya Nyarugando alizifunga mwenyewe zilipokuja kama msaada, tayari zimechoka huko zilikotoka.

"Programu ya ujumbe inajiwasha yenyewe mashine ikiwashwa," alisema. "Jina la kundi ni lile lile kwenye mashine zote. Waya mzima. Sioni ugonjwa, afande."

"Tazama tena."

"Nimetazama mara mbili."

"Sasa itakuwa ya tatu."

Kagaruki alisimama dirishani. Uani mtoto wa kike wa Magesa alikuwa akifukuza kuku, miguu myembamba, anacheka. Ndiye aliyewaleta wote pale. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, na wiki iliyopita alimleta akiwa hana damu mwilini kwa malaria. Asubuhi Karugendo wa maabara alipitisha chupa ya damu kwa kipimo kilichokuwa kinakaribia kuisha muda wake. Chupa ikapelekwa wodini. Adhuhuri vipimo vipya vikafika, Karugendo akarudia, akaona virusi. Akatangaza kwenye kompyuta zote kwamba chupa ile isitumike. Matroni aliona tangazo, duka la dawa waliliona, masjala waliliona. Muuguzi Benigna, aliyekuwa zamu wodi ya watoto, alitundika chupa ile mchana huo huo. Malaria ilipona. Mwaka ule wa tisini na nane kila mtu Kagera alijua mtoto amepona kwa muda gani tu.

Magesa alisema Benigna alifanya makusudi. Mtoto wa Benigna mwenyewe alifia wodi hiyo hiyo, miaka miwili nyuma, kwa kukosa damu, na kwa hiyo, alisema Magesa, mwanamke huyu hapendi kuona mtoto wa mwenzake anapona. Mkuu wa upelelezi Bukoba aliipenda hadithi hiyo kwa sababu ilikuwa na mwanzo na mwisho. Alitaka jalada lifike kwa hakimu kesho.

Benigna alikuwa na jibu moja tu, na asubuhi hiyo, kabla Kagaruki hajaondoka Bukoba, alimpa tena kupitia nondo za mahabusu.

"Hakuna ujumbe ulioingia. Nilikuwa mezani kwangu, mashine iko mbele yangu."

"Wenzako wote waliupata."

"Basi waliupata wao."

"Unajua ukisema hivyo kesho utaonekana mwongo?"

"Afande, nisemeje? Niseme nimesoma kitu ambacho sikukisoma?" Kisha akabadilisha sauti, akawa anaomba. "Ukipita Muleba niulizie habari za Lameki, kaka yangu. Shangazi alikuja kuniona, namwuliza Lameki yuko wapi, ananiambia yuko kisiwani. Lameki hawezi kukaa kisiwani mimi nikiwa humu. Waulize watu wa kwetu Kimwani."

Kagaruki alikuwa amemwona huyo shangazi kaunta, na kikapu chake cha ndizi zilizopikwa. Kitambaa kilimteleza akiinama, chini yake kichwa kimenyolewa. Hakujiuliza kitu. Nusu ya mkoa ilikuwa imenyoa kwa misiba.

"Hakuna ugonjwa," Pradip alirudia kutoka mbele ya mashine.

"Twende kwa Karugendo."

Maabara ilikuwa na viti vitatu na mtu mmoja. Wenye viti viwili walikwishazikwa, mmoja wao kule Kashozi, mwezi wa Pasaka, na viti vyao hakuna aliyethubutu kuvitoa. Karugendo alikuwa na macho mekundu na koti lililokosa vifungo. Hakuacha kazi alipoulizwa maswali. Alijibu huku akiinamia darubini.

"Ulijuaje kwamba tangazo lako limefika?"

"Kompyuta iliniambia. Iliandika: ujumbe umetumwa."

"Nani alikujibu?"

"Tangazo halijibiwi, afande."

Kagaruki alikaa kwenye kimoja cha vile viti. Wakati wa vita alibeba redio ya mawasiliano mgongoni kutoka Mutukula mpaka ndani kabisa ya Uganda, na alifundishwa jambo moja: usiseme amri imefika mpaka sauti ya upande wa pili iseme imepokea. Siku moja kikosi hakikujibu, ofisa akaamua kwamba kimesikia. Kagaruki alikuwa miongoni mwa waliokwenda kukizika.

"Umetumwa," alisema, "si kufika."

"Kwenye mashine hizi ni kitu kimoja."

"Nani kakwambia?"

Karugendo aliinua kichwa, akamtazama Pradip. Pradip akatazama sakafu.

"Na kwa nini hukuvuka uwanja ukaenda mwenyewe?"

"Unaiona foleni hiyo nje? Siku ile ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Niko peke yangu." Aliiacha darubini, akasema polepole, "Lakini ningevuka. Siku hizi nikifumba macho nauvuka uwanja huo, na kila mara nafika nimechelewa."

Kagaruki alimpa mkono akatoka. Mtu huyu alituma, hapakuwa na shaka, maana wengine walipokea. Njia ya kumtilia Karugendo shaka ilifungwa hapo, na Kagaruki aliijutia kidogo, kwa sababu ilikuwa njia nyepesi.

Waliporudi wodini alimkabili Pradip.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Nataka mashine hii moja iwe kiziwi, zingine zote ziendelee kusikia. Nifanyeje?"

Pradip alifikiri. "Waya ni mmoja, afande, unapita kila mashine. Nyuma ya kila mashine kuna kiungo, tunakiita ti. Waya unaingia upande huu wa ti na kutokea upande ule, na mguu wa ti unachomekwa kwenye mashine. Ukichomoa waya kwenye ti, umekata mnyororo, hospitali nzima inanyamaza. Lakini ukiichomoa ti nzima kwenye mashine, waya unaendelea na safari. Mashine hii tu ndiyo haisikii."

"Na mtu wa maabara ataambiwa nini?"

"Ujumbe umetumwa."

"Hata kama hapa hakuna aliyesikia?"

"Mashine haijui nani kasikia, wala haiulizi. Ni kama dalali mnadani. Yeye anapiga kelele, wewe uliyekwenda chooni shauri yako."

"Na ukirudi, atarudia?"

"Harudii. Tangazo likipita limepita."

"Nani hapa anajua mambo ya ti?"

Pradip alikuna kichwa. "Wote. Wafagiaji walikuwa wakisogeza meza wanakata mnyororo kila wiki, naitwa kutoka Bukoba. Nikawakusanya wafanyakazi wote ukumbini nikawafundisha: ukitaka kusogeza mashine shika ti, usiguse waya."

"Na wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Mimi?" Pradip alitabasamu vibaya. "Dukani. Mwulize mama yangu, Jasumati. Alinigombeza siku nzima mbele ya wateja."

"Nitamwuliza. Sasa chomoa hiyo ti tuone."

Pradip aliivuta meza, akapiga magoti nyuma ya kompyuta. Alikaa kule muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

"Vipi?"

"Nani kafunga hii?"

Kagaruki aliinama naye. Pete ya chuma inayoshikilia ti ilikuwa imelika, haishiki tena, na ilikuwa imezungushiwa utepe wa kahawia.

"Mimi nilifunga kwa utepe mweusi wa umeme," Pradip alisema. "Bila utepe inadondoka. Huu wa kahawia si wangu."

"Umeshinda hapa tangu asubuhi. Hukuangalia nyuma?"

"Afande, ilikuwa inafanya kazi. Nani huangalia nyuma ya mashine inayofanya kazi?"

Lilikuwa swali la haki, na Kagaruki alilichukia. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya vivyo hivyo. Aliubandua utepe kwa ncha ya kisu, akautia kwenye bahasha. Kisha Pradip alichomoa ti, wakamwashiria Karugendo kwa mkono kutoka dirishani atume jaribio jingine. Kioo cha wodi kilikaa kimya. Punde Karugendo alitoka mlangoni mwa maabara, akapaza sauti kwamba kwake kumeandikwa ujumbe umetumwa. Matroni naye alichungulia kutoka ofisini akauliza mbona wanamtumia majaribio. Karugendo alibaki amesimama uwanjani, mikono imening'inia, kwa sababu alikuwa ameelewa.

Kwa hiyo Benigna alisema kweli. Mtu aliichomoa ti, tangazo likapita, mtu akairudisha. Kagaruki alimwuliza muuguzi wa zamu wana utepe wa aina gani wodini. Muuguzi akamwonyesha plasta nyeupe. Akauliza utepe wa kahawia wenye gundi unapatikana wapi.

"Ule wa kufungia bahasha? Masjala. Kwa mama Rozi."

Rozi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye msalaba mdogo shingoni na gurudumu la utepe wa kahawia kando ya kompyuta yake. Kagaruki aliweka bahasha mezani, akaufunua utepe. Mwanamke aliutazama na hakuugusa.

"Huo wanaazima wote," alisema.

"Sijauliza bado." Alivuta kiti. "Siku ile, kabla ya tangazo la damu, lilitoka tangazo jingine lolote?"

"Matangazo ni mengi, afande. Vikao, chakula, gari."

"La siku ile."

Rozi alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. "Tanzia," alisema mwishowe.

"Ya nani?"

Aliinuka akafunga mlango. Aliporudi hakukaa.

Kagaruki alilijua jibu kabla halijafika. Kichwa kilichonyolewa, Lameki aliyeko kisiwani. Alikuwa amehoji Matroni, watu wa dawa, Karugendo, na kila mmoja alimsimulia matangazo aliyopokea siku ile. Wote walikuwa wameisoma tanzia hiyo na hakuna hata mmoja aliyeitaja.

"Lameki," alisema.

"Ndiyo."

"Hospitali nzima mmenificha."

"Hatukukuficha wewe, waitu, ndugu yetu. Tulimficha yeye."

Akaeleza, amesimama vile vile, mkono kwenye msalaba. Lameki alifia kisiwani, ugonjwa ule ule wa wote, na asubuhi ile mwili ulikuwa umefika Kimwani. Matroni akaagiza tanzia itangazwe ili watu wajiandae na gari lipatikane. Rozi ndiye mtangazaji.

"Nikasema, Benigna anakaa mbele ya mashine. Habari kama hiyo mtu hasomi kwenye kioo, peke yake, sindano mkononi. Sisi mtu tunampeleka nyumbani kwanza. Tunamwambia shangazi anaumwa kidogo, twende tukamwone. Anafika, anakuta watu, wanamkalisha kwenye nyasi, wanamshika, ndipo anaambiwa. Wewe ni Mhaya, unajua."

"Najua."

"Alikuwa anagawa dawa kwa watoto. Nikapita nyuma ya meza nikachomoa. Nilitaka tanzia ipite tu, nirudishe. Nikatangaza. Kisha gari likawa halina dereva, nikaenda kumtafuta dereva mpaka sokoni. Nikasahau, afande. Nilikuwa nahangaikia msiba wake nikasahau."

"Ukairudisha lini?"

"Jioni. Nilikuwa nimeinama nyuma ya meza nazungusha utepe huo Karugendo alipoingia kuulizia chupa yake." Aliutazama utepe mezani. "Ilikuwa inaning'inia, tupu."

Nje kulipita mtu anasukuma toroli la maji. Walisubiri lipite.

"Polisi wakamchukua pale pale, na sare yake. Hata nyumbani hakufika. Tukazika bila yeye."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, mtamwuliza. Mkimwuliza, atajua. Atajulia wapi? Sakafuni kwenu, hana hata wa kumshika mkono. Nikasema atatoka tu, hana kosa. Afike nyumbani, aambiwe, alie. Kisha nije niseme langu."

"Na kama angefungwa? Kesho anapelekwa kwa hakimu, Rozi."

Aliugeuza msalaba vidoleni. Baadaye akasema, "Na niliogopa. Hilo nalo liandike."

Kagaruki aliandika. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikupata pa kutua. Angeweza kumkasirikia mwanamke huyu, lakini mama yake mwenyewe angefanya vile vile, na yeye angemsifu. Alimsomea maelezo, Rozi akatia saini kwa mwandiko mzuri wa kishule.

"Ninakuomba jambo moja," Rozi alisema alipofungua mlango. "Usimwambie kule. Mpeleke Kimwani. Shangazi yupo, watu wapo."

"Nitampeleka mwenyewe."

Kagaruki na Rozi walipokuwa wanapanda gari, Magesa alitoka uani akiwa amemshika bintiye mkono. Alikuwa mtu mrefu, bado ananuka moshi wa samaki.

"Mmempata?"

"Tumempata aliyechomoa mashine. Benigna hakujua."

"Huyu mama?"

"Huyu."

"Alitaka nini na mtoto wangu?"

"Hakutaka kitu. Hakujua kama kuna tangazo la damu linalokuja."

Magesa alimtazama Rozi muda mrefu, kama anayetafuta pa kushika. "Kwa hiyo," alisema, "mtoto wangu sasa?"

Kagaruki alimtazama mtoto. "Mtoto yuko vile vile," alisema. Mtoto alikuwa anavuta mkono wa baba yake arudi kwenye kuku.

Huko Bukoba, mkuu wa upelelezi alisoma maelezo mara mbili, akaguna, akasema mtu mmoja atoke na mmoja aingie. Hakusema kwa ukatili. Kwake yeye hesabu ya mahabusu ilikuwa inabaki ile ile.

Kagaruki alipanga vizuri. Rozi akae benchi la nyuma, Benigna atolewe kwanza, apandishwe gari, safari ya Kimwani, maneno machache njiani. Lakini konstebo wa kaunta hakuambiwa mpango, na konstebo wa kaunta ana utaratibu wake. Alimwita Rozi avue viatu na mkanda, na wakati huo huo akamwita Benigna aje achukue vyake. Kagaruki alitoka ofisini akawakuta wamesimama pande mbili za meza moja, mmoja ameinama kuvua, mwingine ameinama kuvaa.

"Rozi?" Benigna aliacha kamba za viatu. "Wewe unafanya nini hapa?"

Rozi hakuinua uso. "Ni mimi niliyechomoa mashine yako."

"Kwa nini?"

"Palikuwa na tangazo. Sikutaka ulisome pale, peke yako."

"Tangazo gani?"

Rozi alimtazama Kagaruki. Kagaruki alifungua kinywa kusema kwamba shangazi anaumwa kidogo, twende tukamwone. Yalikuwa maneno mepesi, ameyasema misiba mingi. Safari hii yalikataa kutoka.

Benigna alimtazama mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyemwambia kitu, naye alikuwa mtu wa Kimwani. Alijua ni habari za namna gani ambazo watu hunyamaziana hivyo. Uso wake ulitulia kabisa. Alisogeza mkono mbele, kiganja wazi, kama anayemzuia mtu asimkaribie.

"Usiniambie hapa, afande," alisema. "Nipelekeni nyumbani. Kuna watu wa kuniambia."

Akamaliza kufunga viatu. Aliishusha kanga begani, akajifunga kiunoni, fundo likakaa mbele kama wanavyofunga wanawake wanaokwenda msibani. Alipompita Rozi alimgusa bega, na wala haikujulikana kama amemsamehe au alikuwa anatafuta pa kujishikilia.

Ndani ya gari alikaa wima, macho mbele. Mji uliisha, migomba ikaanza.

"Na yule mtoto?" aliuliza.

"Ana nguvu," Kagaruki alisema. "Leo alikuwa anafukuza kuku."

Hapo ndipo Benigna alipolia, kwa sauti, mikono usoni, na Kagaruki akapunguza mwendo. Alimlilia mtoto wa Magesa njia nzima hadi Muleba. Kilio cha kaka yake alikiacha mpaka wafike Kimwani.